Picha Iliyopakwa Mafuta

Siku ya tatu ya matanga ya Hawo niliketi mkekani na wanawake wa kwao, karibu na Garsen, nikawasikiliza wakimcheka marehemu. Hawakuwa na ubaya. Watu wakishalia siku mbili hutafuta kitu cha kuwapumzisha, na kitu chenyewe kilikuwa Saudia. Shangazi yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisimulia kwa Kiorma, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu mimi mgeni wa Mombasa: jinsi Hawo alivyotumwa kupangusa vumbi kwenye picha ya tajiri, naye akachukua mafuta ya chakula akaipaka yote, juu mpaka chini, kama anayempaka mtoto baada ya kuoga. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakajifuta macho kwa leso. “Maskini Hawo,” mmoja akasema, “alidhani picha nayo ina ngozi.” Mie nilishika kikombe changu cha chai, nikahisi hasira ikinipanda, nikashindwa hata kujua inamwendea nani. Niliwakasirikia wao. Nilimkasirikia Hawo, maiti wa watu, kwa kuwaachia hadithi ile. Na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi, kwa sababu miaka kumi na zaidi imepita na bado nilikuwa nimenyamaza, vilevile nilivyonyamaza Riyadh. Maana aliyemwambia Hawo apake mafuta ni mimi.

Mambo ya kwetu Kisauni nayaacha. Nani alinizaa na nani alinikosea mpaka nikaondoka, hayo hayana kazi hapa. Ulikuwa ule mwaka ambao kila mtaa wa Mombasa ulikuwa na wakala wake wa Saudia, na kila wakala alikuwa na bahasha ya pasipoti za wasichana na mdomo mtamu. Mie nilikuwa na miaka ishirini na tatu na Kiarabu cha madrasa. Kiarabu chenyewe kilikuwa cha kuhifadhi, cha kujua kwamba neno likiisha hivi maana yake ni hivi, wala sikuwahi kununua hata kitunguu kwa lugha hiyo. Lakini sisi Waswahili tuna kiburi chetu. Tunamsikia Mwarabu akisema kitabu, habari, wakati, sukari, basi tunajiona tumefika. Wakala alinisifu kwa simu nikiwa nimesimama mbele yake, “Huyu anajua lugha,” na nilipoingia kwenye ile nyumba ya Riyadh, kaskazini mwa mji, madam alinijaribu kwa maneno mawili matatu, nikamjibu, akapiga makofi. Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi mbili: kufua na kupiga pasi, na kuwa ulimi wa nyumba. Madam alikuwa na dada watatu mle mjini, kila mmoja na msichana wake kutoka Kenya, na simu ilikuwa ikilia nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Mwambie huyu asichanganye taulo. Muulize huyu kwa nini analia. Wale dada wakija kunywa kahawa nilikuwa nikiwasikia kutoka kwenye korido. “Wangu haelewi kitu, ni ukuta.” “Si umwazime Mishi?” “Mishi haazimwi kwa siku nzima, ataniharibikia.” Nilisikia hayo nikafurahi. Nilikuwa nikitafsiri nimejishika kiuno, nikajiona mtu.

Hawo nilimkuta pale. Alikuwa amekwisha maliza mwaka mmoja na nusu, msichana mwembamba, mkimya, Muorma asiyejificha. Tulilala chumba kimoja nyuma ya mahali pa kufulia, vitanda viwili na tundu la feni badala ya dirisha, na tulikula sakafuni jikoni wenyewe wakishamaliza: wali wa kabsa uliopoa, mifupa iliyobaki na nyama ya kutosha ukiwa na subira, kisha chai. Hawo hakuipenda ile chai. Alikuwa akifungua paketi ya maziwa, ananusa, anauliza, “Haya yametoka kwa nani?” Namwambia yametoka dukani. “Dukani najua. Nauliza ng'ombe gani. Hayana harufu ya mtu yeyote.” Nilimcheka. Nilikuwa nikimcheka sana, na sitaki kuficha hilo. Nilicheka Kiswahili chake kilichopindapinda, nilicheka alivyowaita ng'ombe watu, nilicheka alivyokuwa akikodoa macho madam akisema neno refu. Nilimpenda na nilimdharau, vyote viwili, na sikuona kama kuna ubaya. Mtu akikutegemea kwa kila neno, ni rahisi kumwona mdogo.

Sebule ya wageni, ile wanayoiita majlisi, ilikuwa na makochi yaliyozunguka kuta zote nne, zulia jekundu, chetezo cha udi kilichofukizwa kila jioni, na ukutani, juu ya mahali pa baba mwenyewe, picha moja pana kama mlango uliolazwa. Baba ndiye aliyekuwa kafili wetu, mdhamini mwenye vibali vyetu, mume wa madam, mtu wa maneno machache na magoti mabovu. Picha aliinunua alipokwenda kutibiwa yale magoti kwenye maji ya moto huko Majar. Nilimwambia Hawo Majar ni mji wa Uturuki. Miaka baadaye ndipo nilipojua kwamba Waarabu wanaiita hivyo Hungaria, lakini wakati ule nilikuwa na jibu la kila kitu. Ilikuwa picha ya zamani, ya enzi ambazo hata babu zetu hawajazaliwa, na ndani yake mlikuwa na malisho: uwanda usio na mlima, wingu zito, kisima chenye mti mrefu wa kuvutia maji, mchungaji aliyejifunika ngozi ya kondoo, na ng'ombe. Weupe wa kukaribia kijivu, pembe ndefu zimesimama, wengine wanakula, wengine wamelala. Mie niliona ng'ombe tu. Hawo aliwaona mmoja mmoja. Kila asubuhi akipitisha mashine ya kuvuta vumbi kwenye zulia alikuwa akiizima na kutazama. “Huyu ana mimba,” ananiambia, “tena karibu. Tazama alivyoweka mguu.” “Yule wa nyuma ni mgonjwa, hali na wenzake.” “Hawa ni wa kwetu, Mishi. Pembe tu ndizo zimezidi. Aliyewachora amechunga, asiyechunga hawezi kuweka mkia vile.” Namwambia, “Basi chora na wewe, ututoe hapa.” Ananitazama tu, anawasha mashine yake.

Kilichokuwa kikimla Hawo ni macho ya mama yake. Mama yule alikuwa na presha ya macho, na daktari wa Malindi alikuwa amesema wazi kwamba yanazima, hakuna la kufanya. Hawo alizungumza naye kwa simu ya video kila Ijumaa, na kila Ijumaa mama alikuwa akiisogeza simu karibu zaidi na uso, mpaka mwisho tukawa tunaona jicho moja tu limejaa kioo, likitafuta. “Nakuona moshi,” anasema. “Njoo mwanangu, kabla hata moshi wenyewe haujaisha.” Hawo hakutaka kitu kingine Saudia. Hakutaka simu mpya wala dhahabu. Alitaka mama yake amwone mara moja, uso kwa uso, kabla ya giza. Alimwomba madam likizo kupitia kwangu, nami nilitafsiri vizuri, nikaongeza na machozi kidogo ya kwangu, na madam akakubali: baada ya Idi ndogo, mwezi mmoja, na baba ndiye atakayeandika kibali cha kutoka. Hawo aliposikia alikaa chini palepale kwenye vigae. Akaniambia, “Mishi, Mungu akuachie ulimi wako mpaka uzeeni.” Maneno hayo mpaka leo yananichoma.

Miezi mitatu na nusu kabla ya Idi hiyo Riyadh ilifunikwa na vumbi. Saa nne asubuhi anga ikageuka rangi ya matofali, vumbi likapita chini ya milango, likaingia kwenye mchele na kwenye meno, siku mbili nzima. Lilipotulia madam alitugawia kazi, na penye picha alisimama yeye mwenyewe, kidole juu. Hapa lazima nieleze jinsi wanavyosema nasi. Mwarabu yule hakusema na mfanyakazi kama alivyosema na mwenzake. Aliivunja lugha yake vipande, akaondoa vichwa na mikia ya maneno, akidhani ndipo tutakapoelewa. Mie niliyejua sarufi yao kuliko watoto wake nilisemeshwa vivyo hivyo kila siku, na sikuwahi kumwambia aache. Akasema, “Hii, mafi moya. Hii zeit. Zeit, fahamti?” Mafi moya ni hakuna maji, hilo hata Hawo alilijua. Zeit ni mafuta. Hii, hakuna maji. Hii, mafuta. Nikajibu, naam madam, nimefahamu. Nikamgeukia Hawo. “Anasema usitumie maji. Tumia mafuta.” Hawo akanitazama. “Mafuta? Kwenye picha?” “Kiarabu umesoma wewe au nimesoma mimi?” “Umesoma wewe.” “Basi paka.”

Alitumia mafuta ya zeituni, kwenye kikombe kidogo cha kahawa, na kitambaa alichokata kutoka fulana kuukuu ya baba. Mie nilikuwa napiga pasi. Baada ya muda nikamsikia ananiita, na Hawo hakuwa mtu wa kuita. “Mishi, njoo. Kuna ndama.” Nikaenda, pasi nimeiacha inawaka. Ile picha ilikuwa imeamka. Majani ambayo siku zote yalikuwa ya kahawia yalikuwa kijani, wingu lilikuwa na mvua ndani yake, na miguuni pa ng'ombe yule wa nyuma, mahali tulipozoea kuona giza tu, alikuwa amelala ndama mweupe, miguu imekunjwa, sikio moja limegeukia kwetu. Hawo alikuwa na mafuta mpaka kwenye kifundo cha mkono na alikuwa akicheka bila sauti. “Alikuwapo muda wote,” akasema. “Ndiyo maana mama yake hali na wenzake. Mie nikamsingizia ugonjwa.” Tulisimama pale bega kwa bega, tumesahau kazi. Sijawahi kuwa na furaha safi namna ile ndani ya nyumba ya watu, na nilijua kwa hakika kwamba ni kwa sababu yangu.

Siku ya nne baba akarudi kutoka safari. Kwa siku zile tatu mafuta yalikuwa yameteremka polepole, yakatokea chini ya fremu, yakachora michirizi mitatu kwenye kitambaa cha hariri kilichofunika ukuta, na vumbi lililobaki hewani lilikuwa limeganda juu ya picha nzima. Alituita wote majlisi. Akamuuliza mkewe, kwa Kiarabu kizima cha mke na mume, alituambia nini. Madam akasema, “Niliwaambia hii ni lawha zeitiyya, wasiiguse kwa maji.” Zeitiyya. Ule mwisho wa neno, ile -iyya, nilifundishwa nikiwa na miaka tisa na nikachapwa kwa ajili yake. Ni sawa na sisi kusema “ya mafuta”. Picha ya mafuta, yaani iliyochorwa kwa rangi za mafuta. Alichokuwa ametuambia siku ile ni kwamba picha yenyewe ni ya aina hiyo, na maji yataiharibu, basi. Na wakati anatuambia sisi ile -iyya hakuisema, aliila, kwa sababu mfanyakazi hapewi neno zima. Nilikasirika na kuogopa kwa pamoja, na hofu ikatangulia. Madam akanigeukia. “Muulize nani alimwambia apake mafuta.” Nikamuuliza Hawo, neno kwa neno. Hawo hakuwa na hofu hata kidogo, alikuwa na mshangao. “Mishi,” akasema, “si wewe uliniambia?” Nami nikamgeukia madam nikasema kwa Kiarabu safi, kila neno na kichwa chake na mkia wake: “Anasema ni wazo lake mwenyewe.”

Madam akasema, “Halas. Mafi safari.” Hilo Hawo hakuhitaji kutafsiriwa. Kesho yake alipakiwa kwenye gari pamoja na picha iliyofungwa blanketi. Picha ilikuwa ikipelekwa Jeddah kwa mzee mmoja fundi wa picha, na Hawo alikuwa akipelekwa Jeddah kwa mama yake madam, kikongwe tuliyemwita Mama Kubwa, ambaye hakuna msichana aliyekaa naye akadumu. Hawo hakuniuliza kitu. Alidhani nilisema alichosema, na kwamba wakubwa wameamua tu, kama wanavyoamua. Alikunja shuka lake, akaniachia sabuni yake iliyokuwa bado nzima. Ningependa kusema usiku ule sikulala, lakini nililala, nilikuwa nimechoka. Nilijitengenezea maneno: kwamba wangenirudisha mimi kwetu na aibu, kwamba Hawo amezoea shida, kwamba madam ndiye aliyeivunja lugha. Hili la mwisho lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli nilijificha nyuma yake miezi mitatu. Niliendelea kutafsiri. Simu inalia, mwambie huyu, muulize huyu, nami nasema sawasawa kabisa, sikosei hata herufi, nimekuwa mwaminifu ghafla. Ijumaa zikifika nilikuwa nazima simu yangu, kwa sababu mama yake Hawo alikuwa na namba yangu.

Ramadhani ilipofika katikati nyumba nzima ilihamia Jeddah kwa Mama Kubwa, kwa ajili ya umra. Jeddah ni joto la mvuke, unaanika nguo unaianua na maji yake. Hawo nilimkuta jikoni akikunja sambusa za futari. Tulisalimiana vizuri, salamu za watu waliokutana sokoni. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na jambo jipya ambalo sikulitilia maanani: Mama Kubwa alikuwa akimpigia kelele kutoka chumbani kutwa nzima, kwa Kiarabu chao cha Hijazi, maneno mazima, maana kikongwe yule hakujua kumvunjia mtu lugha. Nikamuuliza Hawo kuhusu mama yake. “Ananisikia,” akasema. Sikuuliza zaidi.

Siku ya pili nilitumwa na dereva kwenda Balad, mji wa zamani, kuichukua picha. Fundi alikuwa mzee wa Kishami, mtu wa Syria, chumba chake kilikuwa ghorofani kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, na kilinuka tapentaini mpaka kwenye ngazi. Alinisemesha kama anavyosemeshwa mtu. “Nani aliyeipaka zeituni?” “Mimi,” nikasema. Ilitoka bila taabu, kwa sababu yeye hakuwa na kibali cha mtu mkononi. Mzee akacheka. “Haikufa. Niliyatoa mafuta kwa siku moja. Kilichokuwa kikiiua ni moshi wa udi, miaka na miaka. Ule uchafu ndio uliomfunika ndama.” Akaifunua. Ng'ombe wote walikuwa safi, na ndama yupo, mweupe pe. “Mwambie tajiri wako amshukuru aliyepaka,” akasema, “maana bila yeye wasingeileta.” Nilikaa kwenye gari nikalia, na hayakuwa machozi ya huzuni, ilikuwa hasira. Siku moja. Kazi ya siku moja na kitambaa cha mzee, tena ilikwisha zamani, picha imekaa pale inangoja kuchukuliwa, na Hawo amefungwa miezi mitatu, na macho ya mama yake hayamngoji mtu.

Nilimfuata madam alasiri ileile, sebuleni kwa Mama Kubwa, picha imeegemezwa ukutani. Idi ilikuwa imebaki siku kumi na mbili, na niliona bado nafasi ipo. Nilimwambia yote. Nilisema kosa la kwanza ni la sikio langu na la pili ni la roho yangu: kwamba nilisikia tumia mafuta, na kwamba Hawo alisema ni mimi, nikageuza nikasema ni yeye. “Nirudishe mimi, madam. Yeye mpe safari yake.” Madam alikuwa akipanga tende za futari kwenye sahani. Hakuinua kichwa. “Najua,” akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

“Najua tangu siku ile. Kiswahili chenu sikijui, lakini swali nalijua. Yule alikuuliza wewe. Mtu anayekiri haulizi.”

“Kwa nini basi, madam?”

“Yeye ni wa kufagia, wa kufagia wako wengi. Wewe ni wa kusema. Nikikurudisha wewe, mimi na dada zangu tutasema na wasichana wetu kwa mdomo wa nani?” Akaisogeza sahani, akahesabu kwa macho kama zinatosha wageni. “Mwambie atasafiri baada ya Hija. Mwite, umtafsirie.”

Hakukuwa na haja ya kumwita. Hawo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, na sijui alikuwa amesimama tangu lini. Nilifungua mdomo. Yeye akanitangulia, akamjibu madam mwenyewe, kwa Kiarabu cha Mama Kubwa, kizito, cha kizee: “Nimesikia, madam. Nimesikia yote. Baada ya Hija mama yangu hatakuwa na macho.” Madam akashtuka, nadhani kwa ule ufasaha, si kwa habari. “Mungu ni karimu,” akasema, akarudia tende zake. Hawo akaweka sinia mezani, kikombe hakikulia. Akapita karibu nami. Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Aliniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, “Usinitafsirie tena.”

Aliondoka baada ya Hija. Alipofika kwao macho ya mama yake yalikuwa yamezima wiki tano nyuma. Mama alimpokea kwa mikono, akampapasa uso mzima, akauliza kovu hili la kidevuni limetoka wapi. Hayo niliambiwa na watu. Mie nilibaki miaka mitatu zaidi nikiwa ulimi wa nyumba, kwa sababu madam alikuwa sahihi, hakuna aliyeweza kazi ile kama mimi. Niliporudi Mombasa tulikuwa tukipeana salamu za Idi kwa simu. Namwandikia mistari mingi, anajibu, “Amin, na wewe pia.” Sikumwomba radhi. Kila mwaka nilisema nitakwenda Garsen mwaka ujao, nikae naye, niseme. Mwezi huu aliugua siku tisa akafa. Na pale mkekani ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu wa kwao kuwa ni wazo lake mwenyewe. Ule uongo nilioutia mdomoni mwake aliuchukua, akaubeba mpaka kwao, akaukalia. Alinisitiri. Nani alimwomba anisitiri? Angenitaja, watu wanitukane, mama yake aniapize, ningejua pa kusimama. Kwa kunyamaza kwake aliniacha na deni ambalo hakuna wa kulipokea, na nilipokuwa nawasikia wanawake wale wakimcheka nikaona siwezi, siwezi tena, afadhali wanifukuze.

Nikaweka kikombe chini, nikaenda ndani alikokuwa mama mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, uso ameuelekeza mlangoni, na aliposikia hatua zangu akauliza ni nani. Nikasema, ni Mishi, mama, wa Mombasa, niliyekuwa na Hawo Riyadh. Akanishika mkono. “Wewe ndiye uliyekuwa ukimsemea likizo yake,” akasema. “Aliniambia ulilia.” Nikapiga magoti nikamwambia. Nilimwambia neno zeit, nilimwambia swali la madam, nilimwambia Hawo alijibu nini na mimi nikasema nini. Nilisema kwamba likizo yake ilivunjwa kwa mdomo wangu, na kwamba aliyemzuia asionwe na macho ya mama yake ni mimi. Hakunikatiza. Nilipomaliza mkono wangu ulikuwa bado umo mkononi mwake.

“Mwanangu aliniambia ni yeye,” akasema. “Nilimuuliza mara nyingi, maana sikuelewa. Mtoto wangu hakuwa mjinga. Nilimuuliza, hakuna mtu aliyekuambia ufanye vile? Akasema, hakuna, mama, ni mimi. Aliketi hapohapo ulipo akasema hivyo.”

“Alikuwa akinisitiri, mama.”

“Kwa hiyo mimi alikuwa akinidanganya?”

Akaubana mkono wangu.

“Sema, si wewe unajua kusema. Mwanangu ana siku tatu kaburini. Unataka nimwite mwongo leo, ili wewe urudi kwenu umetua mzigo?”

“Hapana, mama.”

“Basi nani alipaka yale mafuta kwa akili yake?”

Nje wale wanawake walikuwa wameanza tena kucheka, na sauti ya shangazi ilikuwa juu ya zote. Mama alikuwa akingoja, uso wake umegeuka kwangu, sikio limetangulia. Nikamwambia, “Ni Hawo, mama. Lilikuwa wazo lake.” Akauachia mkono wangu.